Ini kushindwa kufanya kazi ghafla: kwa nini mkulima wa mahindi anatakiwa kulijua hili



Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemhudumia alinitumia ujumbe. Nauweka hapa kama alivyouandika, jina nimelitoa: "Shikamoo bwana shamba. Nimepata magunia 64 ya mahindi, 6 yamenyeshewa yakashika ukungu. Hayo 6 nimeyatenga, nitasagisha yawe posho ya vibarua wa alizeti. Mengine naingiza sokoni. Kuna tatizo?"

Sikumjibu kwa ujumbe, nilimpigia. Tuliongea karibu saa nzima, na mengi ya tuliyoongea hayakuwa ya shamba bali ya ini la binadamu. Akaniambia, "Bwana shamba, haya mambo mngetuambia mapema." Basi leo nayaandika kwa ajili ya wote.

Mimi si daktari. Ila katika kazi hii nimeshakaa na watu wa afya mara kadhaa kwa sababu ya mahindi, na ugonjwa huu mara nyingi mlango wake wa kuingilia ni turubai la kuanikia na ghala, vitu ambavyo viko mikononi mwetu.

Ini linafanya kazi gani

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Chakula kikishasagwa tumboni na utumbo ukakinyonya, damu iliyobeba chakula hicho hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Kwa hiyo ini ndilo linalopokea kila unachokula, kizuri na kibaya.

Linatunza sukari na kuitoa taratibu usiku ukiwa umelala. Linatengeneza vitu vinavyofanya damu igande ukijikata na panga. Linachuja amonia inayotokana na protini, ili isifike kwenye ubongo. Linavunja dawa, pombe na sumu. Linatengeneza nyongo. Shika hizo kazi kichwani, maana ini likigoma, kila dalili utakayoiona inatokana na mojawapo kati ya hizo kusimama.

Kuna ini kuharibika taratibu kwa miaka, kama kwa mtu wa pombe nyingi au mwenye homa ya ini aina ya B ya muda mrefu. Hilo si somo la leo. Leo tunasema juu ya mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa mzima kabisa, ini lake halina historia ya ugonjwa, halafu ndani ya siku au wiki chache anageuka manjano, damu haigandi, na akili inaanza kuyumba. Hayo matatu yakikutana, madaktari wanasema ini limeshindwa kufanya kazi ghafla. Hapo ni dharura kama ilivyo ajali ya pikipiki.

Sumukuvu iliingiaje kwenye habari hii

Mwaka 1960 kule Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache. Wafugaji hawakuelewa, wakauita ugonjwa X. Uchunguzi ulipofika kwenye chakula, ikaonekana mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil yalikuwa na kuvu. Kuvu huyo anaitwa Aspergillus flavus, na sumu yake ikapewa jina linalotokana na jina lake: aflatoksini. Sisi Tanzania tumezoea kuiita sumukuvu, ingawa sumukuvu ziko za aina nyingi na hii ndiyo mbaya zaidi kwa ini.

Kwa binadamu, mwaka 1974 magharibi mwa India watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kula mahindi yaliyoharibiwa na mvua isiyo ya msimu. Hata mbwa wa vijiji vile waliugua na kufa, kwa sababu walikula chakula kilekile. Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika, waliugua watu 317 na kufa 125. Karibu wanne kati ya kila kumi. Waliochunguza waligundua kwamba waliokuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba ndio walioumia zaidi. Kuna jambo lingine pale ambalo mkulima wa biashara asilipite haraka: walipopima mahindi ya wafanyabiashara wa maeneo hayo, asilimia 55 yalikuwa na sumu zaidi ya ppb 20, na asilimia 7 yalizidi ppb 1,000. Yaani yalikuwa yameshaingia sokoni.

Nyumbani Tanzania ilikuwa mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Waliripotiwa wagonjwa 68, wakafa 20.

Sasa hiyo ppb ni nini? Ni sehemu ngapi za sumu katika bilioni moja ya uzito. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni ppb 10 kwa aflatoksini zote, na ppb 5 kwa ile aina ya B1 ambayo ndiyo kali. Ukitaka kuiona kwa macho ya shambani: ppb 10 ni sawa na gramu 1 ya sumu iliyotawanyika kwenye magunia 1,000 ya kilo 100. Gramu moja! Ndiyo maana mtu anayekuambia "nimeyaangalia, ni masafi" hajakuambia kitu.

Ndani ya ini kunatokea nini

Hapa ndipo panapowashangaza wengi. Sumu ya B1 inapofika kwenye ini, ini linajaribu kuivunja kama linavyovunja kila kitu. Lakini katika kuivunja, linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi ya kilichoingia. Kitu hicho hung'ang'ania vinasaba na protini za seli za ini na kuziua.

Mwili umejiwekea mlinzi wa kukamata kile kitu kikali, anaitwa glutathioni. Mtu akila sumu kidogo, mlinzi anaimudu. Akila nyingi kwa siku mfululizo, mlinzi anaisha, seli zinaanza kufa kwa wingi. Mtoto mdogo, na mtu ambaye lishe yake ni duni, ugali asubuhi, ugali jioni, mboga kidogo, mlinzi wake ni dhaifu toka mwanzo. Tena ndiye anayekula mahindi mengi kuliko wote. Watoto ndio wanaoumia zaidi.

Na wale wanaokula sumu kidogo kidogo kwa miaka bila kuanguka? Hao wako kwenye hatari ya saratani ya ini, hasa wakiwa na homa ya ini B pia. Hivi viwili vikikaa kwenye mwili mmoja vinapeana nguvu.

Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Usidanganyike kwamba ugali ukichemka vizuri basi imekufa. Kuvu anakufa, sumu yake inabaki.

Dalili, na makosa tunayofanya

Mwanzo unafanana na malaria au tumbo la kawaida: uchovu, kichefuchefu, kutapika, maumivu upande wa kulia juu ya tumbo, kukosa hamu ya kula. Halafu mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yanakuwa ya njano. Tumbo linaweza kujaa, miguu ikavimba. Ukiona familia moja, au vibarua wanaokula chungu kimoja, wameanza hivyo wawili watatu kwa pamoja, anza kuwaza chakula. Na kama mbwa au kuku wa hapo nao wanakufa, usiendelee kuwaza, beba watu uende hospitali na unga uliobaki uwe nao mkononi kwenye mfuko. Huo unga utamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Hatua inayofuata ndiyo ya kuogopesha. Damu inatoka kwenye fizi au puani, sindano ikichomwa pale hapafungi. Mgonjwa anasinzia mchana na kukesha usiku. Anajibu vitu visivyoeleweka, anakuwa mkali, ukimwambia anyooshe mikono mbele, viganja vinapigapiga kama mbawa za ndege. Hiyo ni amonia na taka nyingine zimefika kwenye ubongo. Wengi wetu hapo tunasema amerogwa au amechanganyikiwa. Nimewahi kuona kibarua mmoja akifungwa kamba kwa sababu "amepandisha mashetani", kumbe macho yake yalikuwa ya njano tangu juzi yake. Alifika hospitali akiwa hajitambui, na hakurudi.

Makosa mengine ninayokutana nayo: kumpa mgonjwa wa macho ya njano dawa za mizizi "za kusafisha nyongo" (baadhi zenyewe ni sumu kwa ini), kumpa dawa za maumivu mfululizo, na kumwacha bila kula usiku kucha wakati ini lake haliwezi tena kutoa sukari. Na kuchanganya majina. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Macho ya njano ni dalili tu, inaweza kuletwa na mambo mengi.

Hospitali watafanya nini

Kwanza watauliza maswali, na hapo usifiche kitu. Amekula nini? Uyoga wa porini? Amemeza dawa gani na ngapi? Dawa ya kienyeji? Ameshika dawa za shambani au sumu ya panya? Sumukuvu ni sababu moja tu. Uingereza na Marekani sababu kubwa ya ini kugoma ghafla ni parasetamoli iliyozidi. Huku kwetu virusi vya homa ya ini ni sababu kubwa, na ile aina ya E ni hatari sana kwa mama mjamzito. Kwa parasetamoli, mtu mzima mwenye afya asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Tatizo ni kwamba iko ndani ya dawa nyingi za mafua na maumivu zenye majina tofauti. Mtu ametoka kubeba magunia, mgongo unauma, anameza tatu za huku, tatu za kule, jioni na pombe juu yake. Hesabu mwenyewe.

Watachukua damu kupima malaria, homa za ini, sukari, kazi ya figo, na muda wa damu kuganda. Hicho cha mwisho wanakiandika INR, na ikifika 1.5 au zaidi kwa mtu ambaye akili yake imeanza kuyumba, hawatamruhusu kurudi nyumbani. Hospitali ndogo ikikuambia inakupa rufaa, usibishane. Ugonjwa huu unataka chumba cha wagonjwa mahututi.

Je, kuna dawa ya kuiondoa sumukuvu mwilini? Hakuna dawa maalumu. Kinachofanyika ni kuondoa chakula kibaya mara moja, halafu kuushikilia mwili uendelee kuishi wakati ini likijaribu kupona. Na ini lina sifa ambayo kiungo kingine cha ndani hakina kwa kiwango hicho: likibakiwa na seli nzima za kutosha, linaota tena. Kwa hiyo matibabu mengi ni kununua muda.

Wanaweka dripu ya sukari na kupima sukari kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Wanachoma vitamini K, na kama anavuja damu wanaongeza plazma. Kitanda wanakiinua upande wa kichwa, kwa sababu ubongo unaweza kuvimba, na huo uvimbe ndio mmoja wa wauaji wakubwa. Ukitokea, kuna dawa za kuupunguza kwa kupitia mshipa. Wanaepuka kumpa mgonjwa dawa za usingizi ovyo, maana zitaficha hali ya akili yake. Wanafuatilia maambukizi na kuwahi kwa antibayotiki, kwa kuwa kinga inashuka. Figo zikifuata ini, mashine ya kusafisha damu inaingia kazini.

Kuna dawa inaitwa asetilisisteini. Kwa parasetamoli iliyozidi hiyo ndiyo dawa yenyewe, na ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza, ini huokoka karibu kila mara. Inafanya nini? Inamrudishia mwili yule mlinzi tuliyemtaja, glutathioni. Madaktari huitumia pia kwa watu wazima ambao ini limegoma kwa sababu nyingine wakiwa bado hatua za mwanzo. Hatua za mwanzo, nasisitiza. Ndiyo maana siku tatu za kuzunguka kwa waganga zina gharama kubwa.

Ikishindikana kabisa, linabaki suala la kupandikiza ini. Daktari Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1963 kule Denver, Marekani, na leo ni tiba inayookoa watu wengi. Ndugu anaweza hata kutoa kipande cha ini lake, na cha kwake kikaota tena. Ila tuseme ukweli: kwa familia ya kijijini kwetu, mgonjwa ambaye ana siku chache tu, safari ya nje ya nchi na fedha zake si kitu cha kupangia. Mgonjwa wa sumukuvu anaokolewa mapema au haokolewi.

Turudi kwenye magunia 64

Kijana wangu alikuwa na maswali matatu, na najua na wewe unayo.

La kwanza: "Nikikoboa je?" Kukoboa kunapunguza sumu kweli, kwa sababu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Lakini imeenda wapi? Imeenda kwenye pumba. Halafu pumba unamuuzia mfuga kuku wa jirani, au unampa ng'ombe wako wa maziwa, na ng'ombe anaipitisha sumu, ikiwa imebadilika umbo, mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Wewe unayefuga kuku wa biashara, kuku wakidumaa, mayai yakishuka, na ukipasua aliyekufa ini limepauka njano, ulizia pumba zilitoka wapi kabla hujanunua dawa nyingine ya chanjo. Bata wao hawana ustahimilivu kabisa.

La pili: "Nikichanganya 6 ndani ya 58, sumu si itakuwa kidogo?" Hapana. Utapata magunia 64 mabaya. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lililegezwa baada ya siku chache, lakini kwa masharti, mojawapo cheti cha kuonyesha mahindi hayazidi ppb 10. Malori yalikwama mpakani, na bei ya shambani ikayumba kwa kila mtu, hata aliyekuwa amekausha vizuri.

La tatu lilikuwa la kimya kidogo: "Lakini vibarua si wamezoea?" Nilimwambia ini halizoei. Huyu ndiye anayekula ugali mwingi kuliko mimi na wewe, na ndiye mwenye mboga kidogo. Ukimpa posho ya mahindi hayo hujaokoa magunia 6, umemlipa mtu sumu.

Msimu ujao fanya hivi. Ukame wakati wa kutoa mbelewele na kujaza punje unampa kuvu nafasi, kwa hiyo panda kwa wakati na mbegu inayofaa eneo lako. Kuna bidhaa ya kibayolojia, Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018: ni mtama uliobeba kuvu ndugu asiyetoa sumu, anayemnyima nafasi yule mbaya. Unamwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Vuna mapema mahindi yakikomaa, usiyaache yasimame shambani yakisubiri bei. Anika kwenye turubai, kamwe si kwenye udongo, na funika mawingu yakitanda.

Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya lita moja, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, jaza mahindi mpaka robo, tikisa dakika mbili au tatu, iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15, rudisha juani. Isipogandia, uko chini ya 15, lakini bado ongeza jua kidogo. Chambua kwa mkono: punje zilizopauka, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya kijani au kijivu, toa zote. Hifadhi juu ya chaga, kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Lakini mahindi mabichi ndani ya mifuko hiyo yataoza, kausha kwanza.

Wewe mwenyewe na vibarua wako, kapimeni homa ya ini B. Aliye salama apate chanjo, kwa mtu mzima ni sindano tatu ndani ya miezi sita.

Jumamosi nilienda kwake na bambo. Tulichoma kila gunia, juu, katikati na chini, kwa sababu sumu haikai sawa gunia zima. Zile 58 zikatoka ppb 4. Sampuli ya zile 6 ilipita kiwango cha juu ambacho kile kipimo kinaweza kusoma. Tulichimba shimo nyuma ya ghala, mbali na kisima, tukayamwaga yote bila magunia, tukafukia. Magunia tuliyachoma. Alisimama pale muda mrefu akipiga hesabu kwenye simu, halafu akaniuliza naweza kumwazima lile turubai kubwa la kikundi kwa ajili ya alizeti. Liko kwake sasa, atakayelihitaji wiki ijayo anitafute.